Pomboo wa Shimoni na umaskini wa msamiati wetu

Mwezi wa Septemba uliopita niliandamana na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hadi Shimoni, kijiji kilichoko kwenye rasi ya kusini kabisa ya pwani ya Kenya, yapata kilomita 80 kutoka Mombasa na si mbali na mpaka wetu na Tanzania. Nia ya safari ilikuwa kusikiliza lahaja. Katika vijiji vya eneo hilo husemwa Kivumba na Chichifundi, lahaja mbili ambazo wanafunzi wa isimu huzisoma vitabuni tu, nami nilitaka wazisikie kwa masikio yao kabla hawajaziandikia insha. Lakini vijana ni vijana, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia baharini. Tukakubaliana kwamba siku ya pili tungekodi mashua twende Kisite tukawatazame pomboo. Siku hiyo ya pili, ambayo mimi niliihesabu kuwa ya mapumziko, ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kwa wasomaji ambao hawajabahatika kufika huko, yafaa nieleze kwa ufupi. Jina la Shimoni limetokana na mapango ya mawe yaliyoko hatua chache tu kutoka gatini, ambamo inasimuliwa kwamba watumwa walifungiwa wakingojea majahazi. Mwishoni mwa karne ya 19 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na kituo hapo. Nyuma ya kijiji upo msitu wa pwani ambamo bado wanaishi mbega weusi wenye mabega meupe. Mbele yake, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kipo kisiwa cha Wasini, ambacho hakina barabara wala magari. Upande mmoja wa kisiwa upo mji wa Wasini wenyewe, ulio wa Wavumba. Upande wa pili upo Mkwiro, ambako husemwa Chichifundi. Msomaji ataona kwamba jina hilo lenyewe linadhihirisha tofauti ya lahaja, maana lina chi- mahali ambapo Kiswahili sanifu kingetia ki-. Bwana H. E. Lambert alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Chichifundi mwaka 1958, na tangu hapo ni wachache mno waliojitaabisha kuongeza juu ya kazi yake.

Kusini mwa Wasini, baharini, vipo visiwa vidogo vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kisha Kisite, ambacho ni mwamba mtupu ambao membe huja kutagia. Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1973, na mwaka 1978 mipaka yake ikatangazwa upya: kilomita 28 za mraba za Kisite zikawa hifadhi kamili ambamo hairuhusiwi kuvua hata dagaa mmoja, na kilomita 11 za mraba za Mpunguti zikawa akiba ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Nitarejea kwenye jambo hili, maana lina mdomo.

Tuliondoka asubuhi. Mashuani walikuwamo watu wawili wa kutuongoza. Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu mwenye fulana ya kampuni, na wa pili alikuwa nahodha, mzee wa makamo ya babu zao, aliyekaa nyuma kwenye usukani asiseme neno. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba wanangu," basi. Maneno yote yakawa ya yule kijana, na kijana aliyajua. Alitueleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba katika maji yale huonekana aina kadhaa za pomboo. Kwamba hawa si samaki bali mamalia wanaopanda juu kuvuta pumzi, wanaozaa na kunyonyesha. Kwamba kati ya Julai na Oktoba hupita nyangumi wenye nundu, ambao husafiri kutoka bahari za baridi karibu na ncha ya kusini ya dunia kuja kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu. Alitaja hata majina yao ya Kilatini. Nilimwuliza kama aliwahi kuyasema hayo kwa Kiswahili. Akacheka akasema, "Mwalimu, wageni wa Kiswahili ni nadra, na wakija hutaka Kiingereza pia."

Kisha pomboo wakatokea. Sitajaribu kuueleza uzuri wao; aliyewaona anajua. Walikuwa kama kumi, na mmoja alikuwa na mtoto aliyeambatana na ubavu wake kama kivuli. Wanafunzi wakapiga kelele zote za furaha, na katikati ya kelele hizo msichana mmoja, hodari katika darasa langu, akanigeukia akaniuliza: "Daktari, hawa dolfini kwa Kiswahili huitwaje?"

Hilo nililijua, nikamjibu. Lakini maswali hayakukoma. Tulipofika Kisite tukatia nanga, vijana wakavaa miwani ya maji na mirija ya kupumulia, wakajitosa. Kila aliyeibuka aliibuka na swali. Yule samaki mpana mwenye mistari ya manjano ni nani? Na yule anayejifura kama mpira? Yule mwenye mdomo mrefu kama sindano? Nilijibu mawili, nikababaika katika la tatu, na la nne nikasema, "Hiyo ni aina ya samaki." Nilipolisema jibu hilo nikakumbuka nilikolitoa. Nililitoa katika kamusi. Aghalabu kamusi zetu, zikifika kwenye viumbe vya baharini, hutosheka na maneno hayo: aina ya samaki, aina ya kombe, aina ya mti umeao pwani. Mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu ya Kiswahili, lugha iliyolelewa na bahari, alikuwa amesimama katikati ya bahari hiyo akiwa bubu.

Hapo ndipo nahodha alipofungua kinywa. Hakunisuta. Alisema tu, kama mtu anayejisemea peke yake, "Huyo wa manjano ni kitatange. Anayejifura ni bunju, usimle, ana sumu. Wa mdomo mrefu ni mchumbururu." Wanafunzi wakasogea nyuma ya mashua wote, hata nikahofia mizani. Mmoja akatoa daftari. Mwingine akamwonyesha kiumbe mwenye mikono mitano aliyelala mchangani chini ya maji maangavu, akasema kwa fahari, "Na huyu ni samaki nyota." Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Si samaki huyo," akasema, "wala nyota ziko juu. Hicho ni kiti cha pweza."

Walimu wenzangu, naomba tutue kidogo hapo. "Samaki nyota" ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na mwanafunzi wangu aliitunga papo hapo kwa sababu ndivyo tulivyomzoeza: anapokosa neno, hulitazama la Kiingereza akalivisha kanzu. "Kiti cha pweza" ni istiari iliyotungwa na mtu aliyeinama juu ya maji akitafuta pweza. Imebeba kazi ya watu, mahali, na hata mzaha. Maneno hayo mawili hayana thamani sawa, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba lolote kati yake lafaa anamdhulumu.

Mfano mwingine ulitoka kwa nahodha huyo huyo. Yupo papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye licha ya ukubwa wake hadhuru watu bali hula viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini. Mgongo wake umejaa madoa meupe ya mviringo. Wavuvi wetu humwita papa shilingi. Mimi hulipenda sana jina hili kwa sababu ya tarehe yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921. Kabla yake watu wa pwani walihesabu kwa rupia. Yamkini basi jina hilo si la kale sana. Maana yake ni kwamba wavuvi, ambao hawakuwa na kamati wala baraza wala ruzuku ya utafiti, walipoona sarafu mpya walimtazama papa wa zamani wakamwona upya, wakampa jina, na jina likasambaa. Sisi tukikutana hotelini siku tatu kuunda istilahi, hutoka na maneno ambayo hata tuliyoyaunda tunayasahau tukifika nyumbani.

Yapo pia maneno ambayo tunayo lakini tumesahau yanatoka wapi. Nilimwuliza kijana mmoja wa darasani kwangu, mzaliwa wa bara, asili ya neno "kaskazini". Hakujua. Nikamwelekeza kwa mzee, naye akamweleza habari za pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuyarudisha. Palikotoka kaskazi pakaitwa kaskazini, na palikotoka kusi pakaitwa kusini. Mtoto wa Turkana anayeandika katika mtihani kwamba kwao ni kaskazini mwa Kenya anautaja upepo wa mabaharia, naye hana habari. Mzee akaongeza matlai, upepo wa mashariki, na umande, ambao kwake si majimaji ya majani tu bali ni upepo wa alfajiri utokao nchi kavu kwenda baharini, unaowatoa wavuvi bandarini. Akaeleza bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu, wakati wa nusu ya mwezi ambapo bahari huwa kama imechoka. Elimu yote hiyo ni ya jiografia. Mwalimu wa jiografia huifundisha kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili haifundishi kabisa kwa kuwa anadhani si somo lake.

Lakini jina lililonitia huzuni kuliko yote ni nguva. Mzee alipolitaja, wanafunzi wakatabasamu, maana kwao nguva ni yule mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Mzee hakutabasamu. Alisema yeye alimwona nguva kwa macho yake alipokuwa kijana, mnyama mkubwa mpole, akila nyasi za baharini na kunyonyesha mtoto wake. Ni kweli tupu. Nguva ni mamalia, na katika nasaba ya viumbe yu karibu na tembo kuliko alivyo karibu na pomboo. Huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo akinaswa na nyavu mara chache tu kizazi chake huanza kukatika. Katika maji ya Kenya wamesalia wachache mno, hata kuonekana kwa mmoja huwa habari ya kusimulia. Sisi wanaisimu huongea sana juu ya maneno yanayokufa na kuacha vitu vyake bila jina. Kwa nguva mambo yamekwenda kinyume. Jina liko hai, limo katika hadithi na nyimbo, lakini mwenye jina anaondoka, na kizazi kijacho kitadhani alikuwa jini tangu mwanzo.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba majina haya hayana usanifu, kwamba samaki mmoja ana jina hili Vanga, jingine Mombasa, na jingine Lamu, hivyo hayafai kutiwa vitabuni. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sitaibeza. Hata hivyo padre Charles Sacleux, Mfaransa, alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, aliyaweka maneno ya lahaja mbalimbali na kila moja akaliandikia lilikotoka. Hakuogopa wingi. Ni ajabu iliyoje kwamba kwa baadhi ya maneno ya baharini mwanafunzi wa Kenya wa leo hupata msaada zaidi kwa mmishenari aliyeandika kwa Kifaransa kuliko kwa vitabu vilivyoandikwa na sisi wenyewe.

Wengine watasema kwamba yule kijana wa fulana ndiye mwenye kosa, ameuza ulimi wake kwa watalii. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana yule ana familia, na Kiingereza ndicho kinachomlisha. Isitoshe, mengi aliyoyasema ni elimu ya kweli ambayo mzee hakuwa nayo. Mzee hakujua kwamba nyangumi anayepita mbele ya Wasini ametoka kwenye barafu ya kusini; aliposikia alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kijana amwambie tena. Walikuwa wamefanya kazi katika chombo kimoja kwa misimu kadhaa, na elimu ya mmoja ilikuwa haijamfikia mwenziwe, kwa sababu moja imehifadhiwa katika lugha ya wageni na nyingine katika lugha ambayo hakuna aliyeiuliza.

Nami niliahidi kurejea kwenye hifadhi. Mzee alikuwa mvuvi kabla ya kuwa nahodha wa watalii, na baba yake alivua Kisite. Hifadhi ilipotangazwa waliambiwa wasivue tena mahali ambapo walizijua taratibu zake jiwe kwa jiwe. Sikumsikia akilaani. Alikiri kwamba samaki wameongezeka, na kwamba wengine huvuka mpaka wakanaswa nje. Kina mama wa Wasini nao hupata chochote kwa kuwatembeza wageni kwenye daraja la mbao katika bustani ya matumbawe ya kale na mikoko. Lakini alisema neno ambalo lilikaa nami: kwamba vijana wa kijijini hawajui tena majina ya miamba ya Kisite, kwa kuwa mahali usipovua hupaiti. Wataalamu wa uhifadhi hupima samaki na matumbawe, na wanafanya vyema. Haikuwa kazi yao kupima majina. Ilikuwa kazi yetu.

Na kuhusu utazamaji wenyewe, acha niseme moja kama mtazamaji wa kawaida. Tulipokuwa na wale pomboo, zilikuja mashua nyingine mbili kwa kasi, zikawaingilia mbele na kuwakatia njia ili wageni wao wapige picha. Yule mama mwenye mtoto akazama, wote wakatoweka. Nahodha wetu alizima mashine mapema akaliacha kundi lije lenyewe au lisije. Kanuni za kazi hii zinajulikana: kwenda taratibu, kuwakaribia kwa ubavuni wala si kwa mbele au nyuma, kutowazunguka, kutowagusa. Kijana wetu wa fulana alizikariri zote kwa Kiingereza. Mzee akasema tu kwa mkato, "Mgeni hapigiwi mbio mlangoni kwake."

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kupwa, mzee alituonyesha mahali chini ya mashua ambapo matumbawe yalikuwa meupe kama chokaa. Akasema hali hiyo aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1998, sehemu kubwa mno, akadhani kuna mtu aliyetia sumu. Nikawaachia wanafunzi wamweleze, kwa Kiswahili, na haikuwa rahisi. Walisaidiana. Walimwambia kwamba ndani ya matumbawe wanaishi miani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huyapa rangi na chakula. Kwamba maji yakipata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, matumbawe huwatoa miani hao nje, yakabaki meupe na yenye njaa.

Mzee akasikiliza, halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu mashuani aliyekuwa na jibu lake tayari. "Na hilo huko chuoni mnaliitaje?"

Tukatazamana. Kwa Kiingereza tulilijua sote. Msichana wangu hodari akasema kwa kusitasita, "Twaweza kusema yamepauka, babu." Mzee akalirudia neno, akalionja. Akasema kupauka ni kwa ngozi iliyokosa mafuta, na ngozi ukiipaka mafuta hurudi. Akauliza, je, haya nayo hurudi? Tukamjibu kwamba yakiwa meupe hivyo bado hayajafa, na maji yakipoa mapema baadhi yake hupona, yakichelewa, hufa.

"Basi neno lenu ni zuri," akasema, akamwomba yule mwenye daftari aliandike pamoja na yale yake, kisha akawasha mashine.